Nipe Mji

Juzi asubuhi, kabla sijafungua dirisha, nilisikia mlango wa gari ukibamizwa nje, ukakataa, ukabamizwa tena. Sikuhitaji kuchungulia. Kwangu mimi, milango yote mibovu ya dunia hii ni mlango mmoja tu: ule wa nyuma, kushoto, wa gari la baba, ambao haukufungika mpaka uunyanyue kidogo, kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala. Nyumbani kwetu Ufukoni, aliyeuweza ni Shangazi Somoe peke yake.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba, na tangu nipate akili niliishi naye nyumba moja. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenifundisha kukuna nazi na kusema "nimeshiba" kwenye nyumba za watu. Siku ninayoikumbuka tulikuwa tunampeleka Kilambo. Alikuwa ameolewa, na mumewe, mwenye duka ng'ambo ya mto Ruvuma, angempokea hapo kivukoni. Mimi na kaka yangu Hamisi tulinuna tangu gari linawashwa. Tulikuwa tumeapa hatutamwacha avuke.

Ulikuwa msimu wa korosho. Harufu ya mabibo, tamu na chachu, iliingia madirishani pamoja na vumbi. Shangazi, aliyekaa katikati yetu, hina ya harusi ikiwa bado imekoza viganjani, akapiga makofi.

"Kitendawili!"

Tukageuzia nyuso madirishani.

"Makubwa! Kumbe leo nimekaa na magunia ya mihogo?"

"Tega," Hamisi alisema, akitazama nje.

Mnaijua sheria: ukishindwa, unampa aliyetega mji, naye anautawala apendavyo kabla ya kukufumbulia. Siku ile, zamu yetu ya kutega ilipofika, Shangazi alishindwa vibaya mno. Hamisi alichukua Lindi, akaamuru watu wake wale chapati asubuhi, mchana na jioni. Mimi nilichukua Mikindani, nikafunga shule. Hata baba, aliyejifanya yumo kwenye usukani tu, alikwama akatoa Naliendele.

"Ah, baba! Naliendele mikorosho mitupu!"

"Basi utakula korosho, mheshimiwa."

Tulicheka mpaka tukasahau kununa. Ndipo nikatega chambo changu.

"Nyumba yangu haina mlango."

Shangazi akafumba macho. "Nazi?"

"Siyo!"

"Mtungi?"

"Mtungi una mdomo, Shangazi!"

"Ntoto huyu kaniweza! Haya, chukua Newala."

"Sitaki Newala. Nipe Kilambo."

Baba alinitazama kwenye kioo. Shangazi akasema taratibu, "Chukua Kilambo."

"Nimekwenda Kilambo," nilitangaza, kifua mbele, "nimefunga kivuko. Havuki mtu! Na jibu ni yai."

Tulipofika, mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Mwanamume mwenye kofia na shati jeupe alisimama karibu na mitumbwi, mwavuli mkononi ingawa hapakuwa na mvua, akibadilisha mguu kama anayekanyaga mchanga wa moto. Baba aliteremsha mizigo. Shangazi hakushuka.

"Nitashukaje?" alisema. "Mwenye mji kafunga."

Nilitazama magoti yangu. Akanisogelea.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Hamisi aliachama kutaka kujibu, nikamkazia macho. Shangazi alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake wa hina ulikuwa umelikamata gauni langu, umelikunja lote ndani ya kiganja. Nje, yule bwana wa mwavuli alikuwa amekwisha kuvua kofia.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Nipe mji."

"Chukua Kilambo."

Akanibusu kwenye paji la uso. Alinukia udi na vumbi la njiani.

Miaka ilipita kabla sijakumbuka kwamba kitendawili cha yai nilifundishwa na yeye mwenyewe, jikoni, kabla sijajua hata kumenya hilo yai. Njia nzima alikuwa akitugawia miji ilhali majibu anayo mdomoni, ili tucheke, na nadhani ili na yeye apate kucheka. Alishindwa kwa ajili yetu kutoka Ufukoni hadi mtoni. Mimi nilishindwa kwa ajili yake mara moja tu, na katika vitendawili vyote vya maisha yangu, hicho ndicho ninachojivunia.

Alishuka. Akaunyanyua mlango kidogo, akausukuma kwa nyonga, nao ukafungika.