Leseni ya Programu ya Zamu za Maji

Binti yangu Evelyn anafundisha kompyuta chuoni na anaishi Themi, mjini, lakini Jumamosi huja kwangu kijijini Kikwe. Si mtu wa makeke. Hula ndizi nilizopika, kisha hufungua kompyuta yake.

Programu ya kugawa zamu za maji ya mfereji aliitunga na baba yake, marehemu Abdiel Kaaya, mwalimu wa hesabu. Sehemu inayokokotoa saa za kila shamba aliiandika baba mwenyewe. Alipofariki tu, jirani yetu Godwin alitamka mbele ya kamati ya maji kwamba Abdiel aliipanga mashine ili shamba letu linywe zaidi. Kamati ikarudi kugawa maji kwa mdomo. Neno lile sikulisahau.

Jumamosi moja Evelyn akaniambia, "Mama, nataka programu iwe huria. Niiwekee leseni."

"Si ulishaiweka mtandaoni? Watu wanaiona."

"Wanaiona tu. Mkungu ukiinamia njiani, nani ataukata kabla mwenyewe hajasema? Leseni ndiyo kusema. Na nusu ya kazi ni ya baba, wewe ndiye msimamizi wa mirathi. Siwezi kusema bila wewe."

Angeweza kuibandika nisijue. Aliniuliza.

Alikuwa amechagua ile iitwayo GPL. Yeyote aruhusiwe kuitumia programu, kuisoma na kuibadilisha. Ila akiwagawia wengine, awape pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, kwa leseni ileile, na majina ya waliotunga yabaki.

"Sawa," nikasema. "Ongeza kwamba Godwin haruhusiwi."

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Mama! Ukimfungia mmoja si huria tena. Leseni hii haikubali."

"Basi andika Mwalimu Abdiel Kaaya, Mzee wa Kanisa."

"Niandike na benchi alilokalia?"

Mimi sikucheka. Kumpa aliyewaita wezi kazi ya mikono ya mumeo si jambo dogo. "Kwa hiyo Godwin ataruhusiwa kuupekua msimbo wa baba yako, atafute kosa?"

"Aupekue. Usiposomwa, kila mtu atasema lake. Akiusoma ataona hesabu ya shamba letu ndiyo ya shamba lake."

"Weka," nikasema.

Aliweka maandishi yote ya leseni, kisha akapitia faili moja moja akiandika juu yake: Hakimiliki, Abdiel Kaaya na Evelyn Kaaya. Kwenye faili la kukokotoa saa aliandika jina la baba yake peke yake. Hakuniambia, niliona.

Habari zilipomfikia, Godwin alimleta mpwa wake Brian, fundi wa programu, ausome msimbo mbele ya kamati. Kijana alisoma kwa utulivu, akainua uso. "Mjomba, hakuna aliyependelewa. Saa zinafuata ukubwa wa shamba tu."

"Soma tena," Godwin akasema.

"Nimesoma mara mbili, Mjomba."

Kamati ikairudisha programu. Siku hizi Godwin akitaka kujua zamu yake huifungua kwenye simu, na la kwanza analoliona ni ilani ya leseni yenye jina la mume wangu.

Wiki iliyopita alibisha hodi, kofia mkononi. "Mama Evelyn, programu ya Mwalimu imenigomea."

Mbele ya kamati alimwita Abdiel tu; sasa alisema Mwalimu. Nikamkaribisha ndani, nikampigia Evelyn simu amsaidie.