Mabua ya Mzee Njiku

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ilongero, nilikabidhiwa kaptula mbili za kaki, kofia ngumu na kamba ya kupimia matuta. Nilijiona mkubwa kweli. Mwingereza ndiye aliyetawala, na sisi wasaidizi wa bwana shamba tuliogopwa kuliko tulivyostahili.

Kazi kubwa baada ya mavuno ilikuwa mabua. Funza wanaotoboa mtama hujificha ndani ya bua kiangazi kizima, hivyo sheria ilitaka mabua yang'olewe na kuchomwa kabla ya mvua za kwanza. Vijana, yashikeni maneno hayo: kabla ya mvua. Wanyaturu walikuwa na utaratibu wao. Ng'ombe waliachiwa mabua wale, wakadondosha samadi humo humo shambani, na masalia ndiyo yaliyochomwa. Sheria haikugombana na utaratibu huo.

Mzee Njiku alilima mtama upande wa Mtinko. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na mguu usiokunjika, na ng'ombe wake sita ndio waliokuwa kila kitu kwake. Nilipenda kupita kwake kwa ajili ya uji wa uwele na hadithi. Moja ilimsumbua, lakini aliirudia kila mara.

"Tuliamriwa kuchoma ghala la mpunga la watu, mwanangu. Mama mmoja amesimama anatuangalia tu. Sasa mtu akitumwa atafanyaje?"

Mwaka wangu wa tatu, bwana shamba wa wilaya, Mwingereza mwenye haraka zake, aliandika kwamba anakuja kukagua matuta. Mabua hakuyataja. Ila mimi nilikuwa nautafuta ukubwa, nikataka akute mashamba meupe. Kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza.

"Shikamoo, mzee. Mabua yanachomwa leo."

"Marahaba. Leo? Ng'ombe hata hawajaingia! Nipe miezi miwili tu, mwanangu."

"Ni amri kutoka bomani."

Alinitazama kidogo, kisha akaenda mwenyewe kuleta kijinga cha moto.

Bwana shamba alipita na gari lake bila kushuka. "Safi sana," alisema dirishani. Baada ya muda nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Kiomboi.

Mzee Njiku akawa anaswaga ng'ombe mbali kutafuta majani, na mguu wake ule. Siku moja alianguka korongoni, akalala juani hadi walipomkuta jioni. Homa ikamshika, hakuinuka tena. Nilipopata habari nilikwenda kuhani. Zizini walibaki ng'ombe wawili, mbavu nje.

Mjane wake alinikaribisha vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Watu walitaka kukusema, Bwana Shamba," aliniambia. "Mwenyewe aliwakataza. Alisema, 'Mwacheni kijana wa watu. Ametumwa, kama mimi nilivyotumwa.'"

Nikasema, "Pole sana, mama." Nikanywa maji aliyonipa, nikapanda baiskeli yangu.

Nilistaafu kwa heshima, na barua za sifa bado ninazo kabatini. Mama yule naye alifariki kabla sijapata ujasiri wa kurudi. Najuta, tena najuta sana. Mzee Njiku alinisamehe kwa sababu aliamini nilitumwa, na hakuna aliyenituma.