Sauti ya Mama Darasani

Mwalimu alipotupa zoezi kubwa la muhula wa pili, alitugawa makundi mawili, walinzi na wavamizi. Juu ya meza ya maabara palikuwa na matangi mawili ya plastiki, pampu ndogo, vihisi vya kupimia kina cha maji, na kompyuta iliyokuwa ikiamua yenyewe lini pampu iwake na lini izime. Huo ndio ulikuwa mji wetu. Walinzi waulinde, wavamizi wajitahidi kuyamwaga maji yake sakafuni. Mimi niliangukia upande wa walinzi, nikapewa jukumu la kushika neno la siri la kompyuta. Shoga yangu akaangukia upande wa pili.

"Utanikoma," akaniambia huku akicheka.

"Njoo tu," nikamjibu.

Tulikuwa wanawake wawili peke yetu katika darasa lile la uzamili. Tulisomea namna ya kuendesha na kulinda mifumo ya maji, umeme, reli na bandari, ile ambayo siku hizi inaongozwa na kompyuta, na ambayo mtu akiivuruga mji mzima unasimama. Mchana nilikuwa kazini Changamwe, kwenye chumba cha kuongozea pampu za maji. Yeye alikuwa fundi umeme, amepanga Miritini, kwao Kaloleni. Tuliposhindwa na hesabu tulishindwa pamoja. Nilipougua malaria alinifuata chumbani kwangu Ziwa la Ng'ombe na uji kwenye chupa ya chai, akanisomea somo zima mimi nikiwa nimejifunika shuka.

Nikampeleka kwa mama, Mtongwe. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki, analima muhogo na mchicha nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza tu alimpenda. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, lakini Ramadhani alikuja kufuturu nasi, akawa ndiye anayekuna nazi. Mama akawa anamwita mwanangu. Jumamosi nikifika peke yangu naulizwa, "Mwenzio yu wapi?" kabla hata sijavua viatu.

Siku ya zoezi walinzi tulikuwa tumejiandaa. Tuliziba kila tundu tulilolijua. Neno la siri lilikuwa refu, silo la kubahatisha. Lakini mfumo ule wa mafunzo ulikuwa na mlango mmoja uliowekwa na mwalimu mwenyewe: ukilisahau neno la siri, unajibu swali, unapewa jipya. Swali langu lilikuwa jina nililoitwa na mzazi nilipokuwa mtoto. Nililiona salama. Baba peke yake ndiye aliyeniita hivyo, naye alikuwa kaburini. Jina lenyewe silitaji hapa.

Pampu iliwaka bila sisi kuigusa. Tangi la juu likajaa, likafurika, maji yakashuka mezani mpaka kwenye viatu vyetu. Wavamizi wakashangilia. Nami nilicheka, kusema kweli. Nikampigia makofi shoga yangu aliposimama mbele kueleza alivyoingia.

"Sikuvunja chochote," alisema. "Niliuliza tu." Akachomeka simu yake kwenye spika za darasa.

Nikaisikia sauti yake ikisema, "Shikamoo mama." Kisha sauti ya mama, kubwa, imejaa chumba kizima: "Marahaba mwanangu. Mbona Jumamosi hukuja? Nilikuwekea papa wa nazi."

Akamwambia mama kwamba anataka kunifurahisha siku yangu ya kuzaliwa, anataka kujua baba alikuwa akiniita nani nilipokuwa mdogo. Mama akacheka kile kicheko chake cha kuvuta pumzi. Akalitaja jina. Darasa likapasuka kwa vicheko.

Nilidhani ataizima hapo. Hakuizima. Mama akaendelea kusimulia. Akasema baba akirudi shambani alikuwa akiliita jina lile tangu njiani, hata majirani wakamzoea. Halafu sauti ikabadilika. Akasema, "Na alipokuwa mahututi, wallahi mwanangu, alitusahau sote. Mimi mkewe alinisahau. Jina lile tu ndilo lililobaki mdomoni mwake, analiita na mwenyewe hayupo. Usimwambie kwamba nimekwambia, atalia."

Hapo kwenye "usimwambie" kuna waliocheka tena.

Nilikuwa nimesimama na viatu vimelowa. Nilikuwa sijui. Baba alipokuwa akikata roho mimi nilikuwa kwenye kozi Nairobi, nilifika siku ya maziko. Mama alikuwa ameniambia kwamba alikwenda kwa utulivu, amelala tu. Miaka yote nimeishi na jambo hilo, kumbe ukweli ulikuwa unaningoja kwenye spika za darasani, mbele ya wanaume niliokuwa najua majina yao tu.

Mwalimu alipiga makofi. "Hapo ndipo mji unapovunjwa," akasema. "Si kwenye waya. Kwa mtu."

Nilimkuta shoga yangu nje, kwenye ngazi, wenzake bado wanampa mikono. Nikamwomba tusogee kando.

"Umekasirika?" akauliza.

"Ulimrekodi mama yangu."

"Tuliambiwa njia yoyote isiyovunja sheria. Na bila ushahidi nani angeniamini?"

"Jina ulilipata mwanzoni. Kwa nini uliyaacha yale mengine yasikike?"

"Sikuwa na muda wa kukata," akasema. Kisha akaongeza, kwa ukali kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea, "Adui wa kweli hatakuonea huruma, shoga."

"Adui wa kweli hajala kwa mama yangu," nikamwambia, nikaondoka. Sikulia mpaka nilipofunga mlango wangu.

Nilikwenda kwa mwalimu kumwomba rekodi ile ifutwe. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia hata chai. Akasema ni mfano bora kuliko wote aliowahi kuupata, lakini amenielewa, nisiwe na wasiwasi, ataifuta. Nikaamini. Muhula uliofuata kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alipishana nami kwenye ukumbi, akaniita kwa lile jina, akicheka kwa wema kabisa, kama mtu anayemtania dada yake. Nikarudi ofisini kwa mwalimu bila kubisha hodi. Safari hii sikukaa. Nilisimama nyuma ya kiti chake mpaka akaifuta nikiona. Simu zilizokwisha kuibeba sikuwa na namna ya kuzifuta.

Mama nilichelewa kumwambia. Kila Jumamosi aliuliza, "Mwenzio mbona haji?" nami nasema ana kazi. Mwishowe nikaona na mimi naanza kumdanganya mama yangu ili kumsitiri mtu aliyemdanganya. Tulikuwa tumekaa jikoni tukichambua mchicha. Nikamweleza yote, polepole, nikitafuta maneno ya kumfahamisha zoezi lilikuwa la nini.

"Watu wengi walisikia?" akauliza.

"Darasa zima, mama."

"Na wanaume?"

"Nao."

Akaendelea kuchambua. Nikamuuliza na mimi langu: "Mbona hukuniambia baba aliniita?"

"Ningekwambia, ungefanya nini?" akasema. "Ulikuwa mbali. Ungebeba mzigo usiotulika. Yule niliona nimwambie kwa sababu hakumjua marehemu, haitamuuma." Akainua macho. "Nilidhani namwambia mtu wa nyumbani."

Akaondoka akaenda shambani kung'oa majani, jua la saa saba, na ile si saa yake ya shamba. Sikumfuata.

Tangu hapo mama hupokea simu kwa namna nyingine. Zamani ukimpigia anakupa habari za mtaa mzima kabla hujasema kitu. Sasa anangoja wewe useme kwanza, na akijibu anajibu kidogo. Hata mimi. Watu wa fani yetu wangesema amejifunza usalama.

Nilimaliza shahada. Shoga yangu pia alimaliza, akapata kazi nzuri ya kulinda mitambo, na nasikia anaifanya vyema. Mwaka jana alikuja Mtongwe bila kuniambia, na mimi nikawa nipo. Alipiga magoti mlangoni, akasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Mama alimwinua. Akamkaribisha mkekani, akamtilia chai ya tangawizi na mahamri, akamuuliza hali za wazazi wake Kaloleni, mvua, mahindi. Akamwambia amemsamehe kwa ajili ya Mungu, na namjua mama, hakusema kwa mdomo tu. Lakini kila alipomsemesha alimwita bibiye, kama anavyowaita wale wa afya wanaopita kuuliza vyandarua. Shoga yangu alilisikia neno hilo mara ya kwanza, akaniangalia. Nikaangalia kikombe changu.

Alipoaga nilimsindikiza mpaka barabarani, maana ndivyo tulivyolelewa. Akaniuliza kama tutaonana. Nikamwambia inshallah. Akapanda bodaboda, akaenda zake, nami nikarudi ndani kuosha vyombo.