Nilivyosalisha Kwenye Jumba la Mapadri

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko na makosa ya herufi, skuli niliishia ya msingi Unguja na naandika polepole, lakini aibu hii nimechoka kuibeba peke yangu.

Mjomba Seif, aliyenipokea nilipokuja Maskati, aliniposea Zuwena, binti wa Sheikh Nassor, na sheikh akasema anataka mkwe anayeijua dini yake. Basi akatualika shambani kwake, bondeni katikati ya majabali, mimi, Mjomba na binamu zangu wawili. Wenzangu wakikaa kunywa kahawa mimi nikaona haya, nikajitenga kwenda kutazama jumba kongwe nyuma ya mitende.

Sijapata kuona jumba kama lile, nguzo zimesokotwa kama kamba, maua ya chokaa mpaka darini, na ukuta wa mbele una mihrabu iliyochongwa juu mfano wa kombe la pwani. Nikasema huu msikiti wa masultani wa zamani. Alasiri ilishaingia, nikawaza sheikh akinikuta nasali si ndiyo nimeshaoa? Nikavua viatu, nikapaza takbira ili isikike huko nje. Binamu zangu wakaja mbio wakajipanga nyuma yangu, nami kwa kunogewa nikarefusha sijda, na jua la mlango wa pembeni linanipiga shavu la kushoto kama kwetu, kila kitu sawasawa, ila mlangoni nasikia mtu anakohoa, anakohoa tena, sielewi nimekosa nini, nikazidi kurefusha.

Nilipotoa salamu nikamkuta sheikh mlangoni.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hapa walikuwa wakikaa mapadri wa Kireno."

Nikageuka kuitazama tena ile mihrabu.

"Na kibla kiko huku." Akaonesha nyuma yake, kwenye jua.

"Si kaskazini?"

"Kaskazini ni kibla cha Unguja, we mtoto," Mjomba akafoka. "Mwaka mzima unasali Maskati, ulikuwa unaelekea wapi?"

Kweli sikuwahi kufikiri (msikitini nafuata safu, nyumbani mke wa Mjomba hunitandikia msala). Binamu mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Nilikwambia tumalize kahawa."

Tukasali upya uani, sheikh mbele. Kisha Mjomba akauliza kwa sauti ndogo habari ya posa. Sheikh akaniwekea mkono begani.

"Huyu mwili wake umefika, mwenyewe bado yuko Unguja. Nna binti mmoja tu. Tumngoje afike."

Mpaka leo nangoja, wala sijui nani ataniambia kama nimefika. Siku hizi sisali pahala mpaka niulize kibla, hata chumbani kwangu. Kama yupo msomaji aliyehamia ugenini akachanganyikiwa hivi, tafadhali aniandikie, anieleze ilimchukua muda gani.