Nilimmiminia Baba Mkwe Kabla Sijaonja Mimi

Admin, nifichie jina, na hoteli yetu pia usiitaje, bado nakula kwa kazi hiyo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 32. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, Tanzania, nikarudi Burundi nikiwa mkubwa. Sasa naishi Gitega, nahudumia mezani hotelini, na kwa miaka saba kazi yangu hasa ni mvinyo. Najua kufungua chupa ya zamani bila kuvunja kizibo. Najua kwamba mvinyo mwekundu uliokaa miaka mingi huweka mashapo meusi chini, kama ya kahawa, na lazima uumimine taratibu ili yabaki chupani. Najivunia, sikatai. Wenzangu hunitania kwamba nazibembeleza chupa kuliko wageni.

Nina mchumba Muyinga, mwalimu, tuko pamoja mwaka wa tatu. Mwezi uliopita nilikwenda kwao kupeleka posa. Patron wangu, mwenye hoteli, aliposikia, alinipa chupa ya mvinyo yenye zaidi ya miaka ishirini, akasema nikawaheshimishe wakwe. Nilifurahi mno! Niliipakata kutoka Gitega kama mtoto mchanga, nikafika siku mbili kabla, nikaisimamisha nyumbani kwa rafiki ili mashapo yatulie.

Siku yenyewe, baada ya salamu na hotuba, niliomba nihudumie mwenyewe. Nikafungua chupa mbele ya wote, nikawasha mshumaa nyuma ya shingo yake ili nione mashapo yakikaribia, nikamimina polepole kwenye jagi la kioo. Macho yote kwangu. Nikadhani wanavutiwa. Kisha nikamwekea baba mkwe kidogo kwenye glasi, nikarudi nyuma hatua moja, mkono mgongoni, nikasubiri aonje. Hotelini ndiyo heshima yenyewe: mwenye meza huonja, akiridhika ndipo wengine wanamiminiwa. Mhudumu atakayeonja kabla ya mgeni kesho yake hana kazi.

Wenyeji mmeshajua nilipokosea. Kwetu Burundi anayetoa kinywaji ndiye huonja kwanza, watu waone kwamba hakina sumu. Mimi nimelelewa na watu wa kanisa, pombe haikuingia nyumbani, desturi hiyo niliisikia tu kwenye habari za pombe ya ndizi. Sikuwahi kufikiri kwamba na chupa iliyofungwa kiwandani imo. Baba mdogo wangu wa Giheta, aliyenisindikiza, alikohoa mara mbili akinikazia macho. Nikamsogezea maji.

Mzee akanusa, akaonja, uso ukakunjamana. "Inanuka udongo," akasema.

Nami, mjinga, nikajibu kwa furaha, "Ndiyo, mzee, ndio uzuri wake!"

Kaka yake mkubwa, ambaye mchumba wangu humwita baba mkubwa, akainuka, akachukua chupa, akaielekeza dirishani.

"Mi nauliza tu. Iko nini hii nyeusi mu chupa?"

"Mashapo, baba. Hayo hayanywewi."

"Hayanywewi? Na we mwenyewe haukuonja kwanza, juu ya nini?"

Ningekunywa palepale, yangeisha. Lakini nina hasira za karibu, na mtu aliitukana kazi yangu. Nikasema, "Nikitaka kuua mtu, ningepoteza chupa ya namna hii?"

Hakuna aliyekuwa ametaja kuua. Mimi ndiye niliyelileta neno hilo pale.

"Alors, kunywa," akasema baba mkubwa, akinipa chupa.

Nikanywa kilichobaki chupani, mashapo yote, yakanikwaruza koo huku mama mkwe analia. Haikusaidia kitu. Walisema nimekunywa kwa kulazimishwa, posa ikasimamishwa, tukatoka bila kusindikizwa hata mlangoni. Mpaka leo hakuna aliyeumwa hata tumbo, mzee ni mzima kabisa. Ila sokoni Muyinga naitwa mlozi, mtu wa sumu, na jina hilo halimwachi mtu. Linawafuata hadi watoto wake.

Sasa wameniita Jumamosi. Nilete pombe ya ndizi, nionje mbele ya ukoo. Hilo nitalifanya hata mara kumi. Lakini baba mkubwa anataka kwanza nipige magoti niombe msamaha kwa "kile nilichotia kwenye chupa". Nimemtumia ujumbe kwamba nitaomba msamaha kwa kutoonja na kwa ulimi wangu. Amekataa, anataka maneno yake yaleyale. Baba mdogo ananiambia nisithubutu, kwamba nikishasema hivyo nimekiri, na hakuna atakayeyafuta.

Jumapili mchumba wangu alikuja Gitega kunisihi. "Chéri, we sema tu. Iko maneno tu. Papa atakubali, tutaoana, bas."

Nikamuuliza, "Na wewe, unaamini niliweka kitu?"

"Hapana!" Alijibu upesi, na moyo wangu ukatulia. Nikachemsha chai, nikamimina vikombe viwili kutoka birika moja, tukakaa. Aliongea habari za shule, za wanafunzi wake, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Chai inapoa, hanywi. Nikamwangalia. Nikainua changu, nikanywa. Ndipo naye akanywa.

Miaka yote hiyo hajawahi kunifanyia vile. Sijui kama mwenyewe alijua anachokifanya, na nimeshindwa kumuuliza. Nimeumia, jamani, kuliko siku ile ya posa.

Jumamosi ni keshokutwa. Nampenda, sijapenda mwingine. Nisipolisema neno lile, nimemkosa. Nikilisema, nitakuwa nimemwoa mtu ambaye kila asubuhi atasubiri ninywe kwanza. Mnaosoma hapa, wenye ndoa na wasio nazo, niambieni bila kunionea haya: niende Muyinga nikaliseme, au nibaki?