Mfupa Shingoni

Leo nimemwona Paulina sokoni akipanga perege, nikageuza njia.

Tulipokuwa darasa la sita, aliyesahau vile vineno vidogo vya Kiingereza, "a" na "the", mbele ya jina la kitu alivishwa mfupa wa ng'ombe shingoni, mpaka amnase mwenzake akikosea, amvishe yeye. Aliyebaki nao jioni alichapwa. Siku hiyo niliuvaa mimi, nao ulinuka. Paulina akaja kunimegea kipande cha sabuni, maana madukani haikuwepo. Nikamuuliza kwa Kiingereza ana nini kwenye mfuko. Akajibu harakaharaka, akakosea.

"Umenipata," alisema akicheka. "Haya, nivishe. Na sabuni yako shika."

Kwa kuwa alicheka, nilidhani kwake ni mchezo. Fimbo zake nilizisikia nikiwa bombani, nasugua shingo kwa sabuni yake. Kesho yake hakuja shule, wala siku nyingine.