Farasi Aliyecheka Harusini

Mtu akisaga meno karibu nami, mimi huinuka nikaenda zangu. Mume wangu hudhani ni maringo. Si maringo, jamani. Sauti hiyo hunirudisha Bokoli, kwenye banda la mabati nyuma ya jikoni kwetu, alikolala Neema.

Neema alikuwa farasi jike wa kahawia, umri umemwendea kidogo. Baba alimtunza miaka mingi katika shamba moja nje ya Kitale, na shamba lilipouzwa, mwenye shamba akamwachia Neema. Alipomfikisha nyumbani kijiji kizima kilitoka kumtazama. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, na siku hiyo niliringa, we!

Haikupita muda watu wakaanza kumwomba Baba ili Neema abebe maharusi, kuanzia Kamukuywa hadi Kitale kwenyewe. Sasa, farasi hajui kanisa ni nini. Harusi ya kwanza aliangusha mavi mlangoni, mbele ya kwaya, na Baba akaona aibu hata pilau ikamshinda. Tangu hapo, kukiwa na harusi, Neema alinyimwa nyasi kuanzia mchana wa jana yake. Hakuna aliyembishia Baba. Sisi wenyewe tukiumwa tumbo tulinyimwa chakula, ati lipumzike.

Asubuhi ya harusi, Baba alipomkaza mkanda wa tandiko tumboni, Neema aligeuza shingo kutaka kumuuma, kisha akainua mdomo wa juu, meno yote nje. Watu waliangua kicheko.

"Ati farasi anacheka! Piga picha haraka, bana!"

Ikawa ndiyo sifa yake, nami shuleni nikajigamba nayo.

Kumbe alikuwa anakonda. Pumba aliziacha nusu, manyoya yakafifia, na kutwa nzima bandani alisaga meno, krr, krr. "Ni uzee tu," Baba alisema akimpapasa shingo, lakini uso wake ulikuwa na wasiwasi.

Harusi ya mwisho ilikuwa ya binamu yangu. Neema alicheka kuliko siku zote. Tuliporudi alijitupa chini, akawa anabiringika na kuuangalia ubavu wake. Baba alimvuta kamba, akimsihi, "Amka, mama. Amka tutembee." Kabla jua halijatua alikufa. Baba hakulia tulipomzika nyanya, lakini siku hiyo alikaa kwenye matope, kichwa cha Neema mapajani, akalia kwa sauti. Niliogopa sana.

Mwaka jana daktari wa mifugo alikuja kutibu ng'ombe wangu hapa Kitale, nikamsimulia. Alisema tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ale asile, na kinachomkinga ni nyasi na mate ya kutafuna. Tumbo likikaa tupu, asidi huliunguza mpaka litoke vidonda, na akitembezwa na njaa hiyo huzidi kuungua. Pengine vya Neema vilitoboka.

"Na kule kucheka?" nikamuuliza.

"Hayo yalikuwa maumivu, dada. Farasi hacheki."

Picha ya harusi ya binamu ingali ukutani kwa Baba. Mgeni akiingia tu, Baba humwonyesha kwa kidole. "Muone Neema wangu. Siku hiyo si alicheka!" Halafu hunigeukia mimi, shahidi wake.

"Ndio, Baba," humjibu. "Alicheka sana." Kisha huenda jikoni, nikakaa huko mpaka mgeni aondoke.